Kufuli Kwenye Boneti

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa nyumbani tunaendelea. Mwanangu Chiriku yuko darasa la pili na bado anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Mwalimu anamhamisha dawati ili anyamaze, naye kila anakohamishiwa anapata rafiki mpya. Baba kifua kimempoa. Mama yupo, ila siku hizi amepunguza maneno. Nimemwambia naandika kwako, akasema nisikusumbue, wewe umeshastaafu ufundi wa magari.

Basi mimi nakusumbua. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulipaza sauti nyumba nzima ukatujibu habari za mvua, kwa hiyo bora karatasi. Dereva wa lori la saruji bado anapita kwenu, atakuletea.

Shida ni gari la Baba, lile jeupe alilolinunua alipoacha kazi ya basi. Limeanza kutetemeka. Asubuhi akiliwasha linatikisika mpaka vioo vya pembeni havionyeshi kitu. Linakohoa, bomba la moshi linapiga kama mtu anakung'uta mkeka, na nguvu halina. Juzi lilimzimikia kwenye mwinuko wa kinu cha nafaka. Chiriku akamalizia kwa miguu, babu yake akarudi na kukaa sebuleni na shati lake la kazi, hataki kuulizwa. Unajua kumpeleka mjukuu shule ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo, na anaivalia kama zamani, kola imepigwa pasi.

Kufungua boneti hajui. Miaka yote ya basi yeye alikuwa mtu wa usukani, boneti ilikuwa ya wengine. Gereji hataki kuzisikia tangu walipomrudishia gari bila tairi la akiba. Anasema mkono wa kugusa gari lake ni wa shemeji yake tu. Sasa mkono wako uko mbali, itabidi uazime wangu. Mimi ni fundi cherehani, lakini mashine ni mashine. Nianzie wapi?

Mpwa wako

19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anakusalimia, au nadhani anakusalimia, maana midomo yake imetikisika upande huo. Magoti yangu ni ya babu yako sasa. Masikio yamebaki mapambo, yananisaidia kushikilia miwani.

Mwambie shemeji asinune. Gari linalokohoa halijafa.

Injini ikiwa baridi, fungua boneti. Utaona kikombe cheusi chenye nyaya nene, hicho ndicho distribyuta. Waya wa katikati uache. Ile minne ya pembeni, kila mmoja unapeleka moto kwenye plagi ya silinda yake. Hesabu silinda kuanzia kwenye feni kuja nyuma. Lakini moto haupiti moja, mbili, tatu, nne kama watoto kwenye foleni. Kwa gari lile unapita moja, tatu, nne, mbili. Fuata kila waya kwa kidole mpaka mwisho wake uone kama uko mahali pake.

Kama zote ziko sawa, washa. Vaa glavu nene za mpira, kavu kabisa, uchomoe waya mmoja mmoja na kuurudisha. Ukichomoa injini ikazidi kulegea, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa isijali, umempata mvivu wako. Na usiniandikie mlio, mlio sina kazi nao tena. Weka kiganja juu ya mfuniko wa injini uniambie mkono umehisi nini.

Halafu kuna sheria ya ukoo. Hugusi kitu cha injini bila kukifuta. Kitambaa kwanza, spana baadaye, na ukimaliza unafuta tena. Babu yako alitufundisha hivyo kwa makofi, mimi na mama yako. Sijui kama amewahi kukusimulia: mdogo wangu yule aliishi chini ya magari ya wateja mpaka siku anaolewa, na kwa kusikiliza injini alinishinda. Mwombe akushikie taa.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mkazamjomba pia, hata kama hasikiki. Tuko salama. Chiriku ameota jino la mbele na analionyesha hadi kwa wapita njia.

Nimeweza. Mimi, ambaye nilikuwa naogopa kubadilisha balbu. Nilifuata nyaya kwa kidole kama ulivyosema, nikakuta wa pili umeenda kwenye plagi ya tatu na wa tatu umeenda kwenye ya pili. Kabla sijazirudisha niliweka kiganja: ilikuwa kama kumshika bega mtu anayelia huku anajizuia. Baada ya kuzirudisha, ilikuwa kama paka aliyelala. Nilisimama pale na mikono yangu michafu nikaona machozi yananitoka, eti kwa sababu ya gari.

Baba alizunguka mtaa mara mbili akipiga honi. Mama alikuwa mlangoni na beseni la vyombo, likamponyoka, sahani zikaenda. Nilidhani ni furaha. Taa alikataa kunishikia. Alisema mambo ya magari ameyasahau siku nyingi.

Ila furaha haikudumu. Wiki iliyopita gari lilianza tena kutetemeka. Nyaya zilikuwa sawa, nikatafuta, nikakuta mpira mdogo wa hewa ulio chini ya kabureta umechomoka, hewa inaingia ovyo inapuliza kama nyoka. Nikauchomeka, gari likatulia.

Sasa nikuulize wewe unayejua. Nyaya hazina miguu, zilibadilishanaje nafasi? Na injini ile yote imejaa vumbi na mafuta yaliyoganda, lakini ule mpira na pale unapochomekwa paking'aa kama kijiko cha wageni. Hata zile nyaya mbili, nikikumbuka, zilikuwa safi. Baba anasema ni vijana wa mtaani wanaomwonea wivu. Kijana gani huyo anaharibu kitu halafu anakifuta?

Ulimuulizia Mama. Yupo.

Mpwa wako

21 Machi

Mpwa wangu,

Leo salamu utanisamehe, nitazituma mara mbili safari ijayo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Funga boneti. Gari likitetemeka tena, liache litetemeke. Usirudishe waya, usichomeke mpira, hata Baba yako akigomba.

Huyo anayeharibu kisha akafuta namjua, na wewe ukitulia kidogo utamjua, kwa kuwa tuliofundishwa sheria ile tulikuwa wawili tu na mimi niko huku. Sababu yake siijui. Ila mdogo wangu hajawahi kuharibu injini ya mtu kwa mchezo. Kuna kitu amekiona.

Usimkabili kwa ukali. Mwambie tu kaka yake anauliza kama kitambaa bado anacho. Halafu nyamaza umsikilize. Na wewe mwenyewe panda gari na Baba yako siku moja, ukae mbele, usitazame barabara, mtazame yeye.

Mjomba wako

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako haijafika, na nasikia lori la saruji limelala njiani linasubiri kifaa, kwa hiyo naandika bila kukungoja. Hii nampa msafiri wa basi.

Wote wazima. Duka limechangamka, sare za shule zimenijaa mpaka kwenye kiti. Gari lilianza tena vurugu na safari hii sikuhitaji mwalimu. Plagi moja ilikuwa imelegezwa, inazunguka kwa vidole. Nikaona hapana, nimechoka kuchezewa. Nimefunga plagi mpya zote, nimesafisha kichujio cha hewa, halafu nimempata fundi wa mageti akaniwekea vipete viwili na mnyororo mbele ya boneti. Kufuli liko pale, kubwa kama la ghala, na ufunguo naulalia.

Kazi tamu sana, Mjomba. Injini imetulia mpaka ukiweka kikombe cha chai juu yake hakimwagiki. Baba ananiita Fundi Mkuu mbele za watu. Anavaa shati lake, anampandisha Chiriku, wanaondoka wanaimba.

Mama amekuja mara kadhaa kuniomba ufunguo, eti afagie majani yaliyoingia kwenye boneti. Nimemcheka nikamwambia majani yatasubiri. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaenda kulala mchana, kitu asichofanya. Labda ni uchovu.

Mpwa wako, Fundi Mkuu

17 Aprili

Mjomba,

Chiriku yuko hai. Nimeanza na hilo ili usisome mengine yote roho ikiwa mkononi.

Alhamisi asubuhi, kwenye njia panda ya duka la magodoro, Baba hakukata kona. Chiriku anasema babu alikuwa anaimba, akaacha kuimba katikati ya neno. Macho yalikuwa wazi. Alimwita, akamvuta mkono wa shati, babu akabaki anatazama mbele kama hayupo, na mguu wake ukabaki pale pale kwenye mafuta. Gari lilikuwa na nguvu, Mjomba. Lilivuka barabara yote, likapanda baraza, likaingia kwenye magodoro yaliyopangwa nje. Mwenye duka alikuwa amemaliza kuyatoa dakika hiyo hiyo. Nyuma ya magodoro ni ukuta wa mawe.

Mkono wa Chiriku umefungwa plasta, na lile jino jipya limebaki kwenye kiti cha mbele. Haongei. Mtoto aliyehamishwa madawati yote ya darasa amekaa ananitazama tu.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama. Nilimkuta uani. Hakuuliza nani ameumia, hakuuliza wapi. Alisema, "Nilikuomba ufunguo." 

Akaniambia yote akiwa amekaa chini kwenye saruji. Mwezi wa kwanza walikuwa wanarudi wawili kutoka kuhani msiba, Baba akapotea vile vile, macho wazi, gari likajiendea lenyewe mpaka kwenye majani, akazinduka akaendelea na hadithi aliyokuwa anaisimulia. Hakujua kitu. Baadaye ikamtokea mezani, kijiko kikiwa hewani. Mama akaona amwambieje mtu aliyebeba abiria maisha yake yote bila kumkwaruza hata mbuzi. Aliona atamuua kwa maneno. Basi akawa anaamka kabla yetu anaenda kwenye boneti.

"Mimi nilikuwa naharibu," akasema, "wewe unatengeneza. Nikaharibu tena, ukaweka kufuli."

Barua yako ya tarehe 21 Machi imefika jioni ya siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Dereva wa lori aliniletea mwenyewe dukani na kuomba radhi kwa kuchelewa. Niliisoma nikiwa na damu ya mwanangu kwenye gauni. Kila nikifumba macho naiona injini ile ikitulia chini ya kiganja changu, na naona nilivyolia kwa furaha.

Baba yuko hospitali kwa vipimo. Daktari amenivuta pembeni, amesema kuendesha ndiyo basi. Baba mwenyewe anaamini breki zilikataa. Ananiuliza, "Fundi Mkuu, breki ulizitazama?" Nimemjibu kwamba sikuzitazama.

Mpwa wako

30 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu wewe, na Chiriku nampigia saluti. Mkazamjomba wako alikuwa ananisomea midomo yangu mimi safari hii, maana nilikaa na barua yako mdomo wazi mpaka akaogopa.

Huyo mtoto peke yake ndiye aliyemvuta mkono wa shati, sisi watu wazima hatukumgusa.

Nikuambie kuhusu masikio yangu, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu. Wateja walijua kabla yangu. Hakuna aliyenieleza. Walianza kupunguza magari, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Nikadhani wameniona mzee. Siku moja niliacha injini ya mtu inanguruma uani, nikaingia ndani kula. Nilipotoka ilikuwa imejichemsha imekufa, na watu wamekaa kwenye benchi wananitazama. Walikuwa wamekaa pale muda wote. Walidhani wananistahi. Mpaka leo nikikumbuka lile benchi nakosa usingizi, wala siyo kwa ajili ya ile injini.

Mwambie. Usimwachie mama yako, amebeba vya kutosha, na usimtume daktari. Na usimzulie habari ya breki. Gari litengeneze vizuri, lisiwe na kosa lolote la kusingiziwa, halafu mwambie ukiwa umekaa karibu naye.

Mama yako mwambie kaka yake hana neno naye. Sijapata jibu la kitambaa.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Plasta ya Chiriku imetolewa na maneno yamerudi, kidogo kidogo, kama maji ya bomba yaliyokatika. Jana alimuuliza babu yake kama magodoro yaliumia.

Gari limenyooshwa bampa na mimi nikalimalizia. Injini imetulia. Kufuli nimelitupa, vipete bado vipo, navipita nikiinamisha macho. Tulikubaliana na Mama kwamba Jumapili nitamwambia. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo nilishona sare nzima bila kutia uzi kwenye bobini, sindano inatoboa kitambaa kitupu na mimi sioni.

Asubuhi nilichelewa. Nilisikia Baba ameshatoka. Nikakimbia uani nikamkuta amevaa shati la kazi, kola imepigwa pasi, amekaa ndani ya gari, anawasha. Injini inazunguka haishiki. Anawasha tena, haishiki. Nikamgeukia Mama kwa hasira. Mama naye alikuwa ananitazama mimi, mkono umemkaa mdomoni.

"Sijagusa," akasema. "Wallahi sijagusa."

Nikafungua boneti. Mfuniko wa distribyuta ulikuwa umekalia upande, klipu moja haijafungwa. Nikaufungua. Ile rota inayozunguka ndani na kugawa moto haikuwepo. Nikatazama mfuniko mikononi mwangu, Mjomba. Ulikuwa na vumbi. Vumbi lote lipo, na katikati ya vumbi pamegandamizwa dole gumba, nene, la mtu ambaye hajawahi kushika injini maisha yake.

Baba alishuka. Akazunguka mbele ya gari taratibu, akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa kwenye kiti cha abiria. Akafungua kiganja, rota imo.

"Mama yako akiharibu anafuta," akaniambia. "Wewe ulidhani mimi kwa kuwa sijui kutengeneza gari, simjui na mke wangu? Ile asubuhi ya kwanza kabisa alirudi kulala mikono inanukia petroli. Nikajua amenikataza. Nikangoja aniambie ni kwa nini."

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliendelea kuendesha. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amepotea tena, nikamshika bega.

"Nipo," akasema. "Kila ulipolitengeneza nilijiambia labda ni gari kweli. Labda mimi ni mzima. Halafu nikazinduka kwenye magodoro, mtoto hana jino." Akapitisha mkono usoni. "Breki zilikuwa nzima. Jana nimeona mnanong'onezana. Nikaona niwaondolee kazi ya kuniambia; kile kikombe nimekuona ukikifungua."

Mama alikuwa amesogea bila mimi kumsikia. Aliichukua rota kwenye kiganja cha mumewe. Akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa, kijivu, kimefuliwa mpaka kimekuwa chepesi kama karatasi, akaifuta. Akaufuta mfuniko pia, lile dole gumba likatoka. Akaiweka rota mahali pake, akafunga klipu zote mbili kwa mkono mmoja bila kutazama, akafuta tena.

Nina leseni ya kujifunzia tangu mwezi uliopita. Nikakaa kwenye usukani, Chiriku nyuma. Injini ikashika mara moja. Baba akafunga mkanda, akanyoosha kola yake, akaniambia nisikanyage klachi kama nakanyaga cherehani. Tulizima gari mara tatu kabla ya kufika getini, na kila lilipozima alisema, "Tena," kwa sauti ile aliyokuwa anawafundishia vijana wa basi.

Mama anakusalimia. Nimemwachia nafasi hapa chini aandike mwenyewe.

Mpwa wako

Kaka, shikamoo. Kitambaa bado ninacho.